Neno Lisilo na Mwenyewe

Miongoni mwa mambo yaliyoletwa na intaneti katika miji yetu ya pwani, sidhani kama liko lililoingia majumbani kwa wepesi na kuzusha mashaka mengi kama hili la mtu kusema bila ya kujulikana. Zamani mwenye kutaka kumsema mwenzake ilimbidi afike barazani, au angalau amtume mtu, na huyo aliyetumwa alikuwa na uso. Leo mtu hukaa kitandani kwake, akajibandika jina la "Simba wa Bahari" au "Mpenda Haki", akaweka picha ya ua mahali pa sura yake, kisha akaandika alitakalo juu ya amtakaye. Haijafika adhana ya alasiri maneno yake yamekwisha somwa Mombasa, Malindi na Lamu, na yamewafikia jamaa zetu walioko Maskati na Toronto, wala hapana ajuaye yametoka kwa nani.

Kwa ajili hiyo pamezuka makundi mawili. Wako wasemao kwamba kuficha jina ni uoga, na kwamba serikali ingefaa imlazimishe kila mtu kutumia jina lililo katika kitambulisho chake. Na wako wasemao kwamba bila ya pazia hilo mnyonge hatathubutu kufumbua kinywa. Nimeyasikiliza makundi yote mawili kwa muda mrefu, na naona kila moja limeshika nusu ya ukweli. Ila yote mawili yana upungufu mmoja: yanamtazama aliyeandika peke yake. Mimi nadhani sehemu kubwa ya jambo hili iko kwetu sisi tunaosoma, na ndiyo nitakayo kuieleza leo.

SI JAMBO GENI

Kwanza tukubaliane kuwa kusema bila ya kujitaja si ugeni kwetu. Itazame kanga. Pembeni mwa kanga nyingi utakuta chapa ya mfanyabiashara, na iliyo mashuhuri hapa Mombasa ni ile ya "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Basi nguo ina mwenyewe ajulikanaye. Lakini jina la kanga, yaani yale maneno yaliyo chini ya mji wake, hayana mtunzi aliyetajwa. Mwanamke huenda dukani akachagua jina la kumchoma jirani yake, akajifunga, akapita mlangoni pake taratibu, na akiulizwa hujibu kuwa yeye amenunua nguo tu. Hata hivyo mvaaji alionekana. Jirani alimjua, na kama aliona amekosewa aliweza kwenda kwa wazee wake wakasuluhishwa.

Washairi wetu nao wana lakabu zao, na magazeti tangu zamani yamewaruhusu waandishi wa barua watie jina la kubuni. Lakini mhariri aliwataka wamtumie jina kamili na anwani, hata kama hayatatangazwa. Maana yake ni kwamba jina lilifichwa kwa wasomaji, halikufichwa kwa mhariri. Naye kabla ya kuichapa barua alikwisha ipima: je, ina ukweli, ina faida, haimvunjii mtu heshima pasipo sababu? Akitokea wa kushtaki, palikuwa na mlango wa kubisha.

Tena liko pazia zito kuliko hayo. Mwaka 1968 palisambazwa Mombasa, kwa siri, karatasi za kuilaumu serikali ya wakati ule. Moja ilikuwa na jina la Kenya: Twendapi? Mwandishi wake, kijana wa Mombasa aitwaye Abdilatif Abdalla, aligunduliwa, akashtakiwa kwa uchochezi na akatumikia kifungo cha miaka 3, kutoka 1969 hadi 1972. Humo gerezani ndimo alimotunga mashairi ya Sauti ya Dhiki, kitabu kilichochapishwa mwaka 1973 na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Mtu huyo hakuficha jina kwa kulionea haya neno lake. Alilificha kwa kuwa aliijua bei ya neno hilo, na bei yenyewe akailipa. Na tena karatasi ile haikumsema mtu ya nyumbani mwake. Iliwauliza watawala juu ya utawala wao.

Basi intaneti haikuvumbua pazia. Lililofanya ni kumwondoa yule mvaaji anayeonekana, na kumwondoa yule mhariri anayepima, kisha likatuachia sisi kazi zao zote mbili pasi na kutuuliza kama tunaziweza.

PAZIA LA MNYONGE

Ama kuhusu faida za pazia hilo, mwenye kuzikataa ajaribu kuukumbuka mkasa wa David Munyakei. Huyu alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika kazi yake ya kila siku aliona mabilioni ya shilingi yakilipwa kwa kampuni ya Goldenberg, iliyodai fidia kwa kuuza nje dhahabu na almasi ambazo nchi yetu haikuwa nazo kwa kiasi hicho. Akazitoa hati hizo zikawafikia wabunge wa upinzani, na nchi nzima ikajua. Lakini jina lake nalo likajulikana. Mwaka 1993 alikamatwa, akashtakiwa chini ya sheria ya siri za serikali, na hata mashtaka yalipoanguka kazi hakurudishiwa. Akakimbilia huku kwetu Mombasa, akasilimu, akajiita Sulaiman, akaoa na kuanza maisha mapya. Mwaka 2004 alitunukiwa tuzo ya uadilifu na shirika la Transparency International. Miaka miwili baadaye, mwaka 2006, alifariki dunia katika umaskini.

Tafakari, msomaji. Mtu aliyeiokoa mali ya umma aliishia kulibadili jina lake mwenyewe ili apate kuishi. Lau angalikuwa na njia ya kuzifikisha hati zile bila ya kujulikana, nchi ingalipata ukweli ule ule, naye angalibaki na kazi yake. Hili ndilo walilolizingatia wakuu wa tume yetu ya kupambana na ufisadi walipoweka njia ya mtu kupeleka habari kwa kompyuta pasi na kutaja jina. Serikali yenyewe, basi, inakiri kuwa yako maneno ya haki yasiyoweza kusemwa kwa uso mtupu.

Mfano mwingine watoka Misri. Mwezi wa Juni 2010 kijana mmoja wa Iskandaria, Khaled Said, alipigwa na polisi hadi akafa. Picha ya uso wake uliovunjwavunjwa ilipoenea, mtu asiyejulikana alifungua ukurasa katika Facebook wenye maana ya kwamba sisi sote ni Khaled Said. Mamia ya maelfu ya watu wakajiunga. Huyo asiyejulikana alikuwa Wael Ghonim, Mmisri aliyekuwa akifanya kazi Dubai katika kampuni ya Google. Mwezi wa Novemba 2010 Facebook iliufunga ukurasa ule kwa hoja kwamba mwenye kuusimamia ametumia jina lisilo lake, na haukufunguliwa mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa Marekani alipokubali kulitoa jina lake lisimame badala yake. Ukurasa huo ni miongoni mwa zilizowaita watu barabarani tarehe 25 Januari 2011. Siku chache baadaye Ghonim alikamatwa na kufungwa macho kwa muda wa siku 11 au zaidi. Kama jina lake lingalijulikana miezi sita kabla, nani angaliuona ukurasa ule?

Na tusidhani pazia ni la wanasiasa tu. Yuko mwanamke aliyeolewa katika aila ya heshima, na mumewe humpiga. Kwenda kwa kadhi ni kuitangaza nyumba, kunyamaza ni kuangamia. Yuko kijana aliyenaswa na unga na anatafuta njia ya kuacha, lakini akijulikana hataozwa katika mtaa ule. Yuko binti mwenye maradhi asiyoweza kuyataja mbele ya baba yake. Hawa wote leo huweza kuuliza bila ya kujitaja, na kujibiwa na daktari au na mwanachuoni. Kwetu tunaiita hali hiyo sitara, na kumsitiri mja ni jambo tulilofunzwa tangu chuoni. Hata katika kutoa sadaka, iliyosifiwa ni ile ambayo mkono wa pili hauna habari nayo.

JIWE LA GIZANI

Lakini nguo ile ile imsitiriyo mnyonge humficha mwizi pia. Wahenga walisema kuwa ukitupa jiwe gizani ukasikia mtu akiguta, basi ujue limempata. Siku hizi mtupaji hata sauti ya mguto haimfikii.

Sisi Wakenya tuliyaona hayo kabla hata ya simu za kisasa kuenea. Wakati wa uchaguzi wa Disemba 2007 na fujo zilizofuata, ujumbe mfupi wa simu ulipita kutoka mkono hadi mkono ukiwataja watu wa kabila hili na lile kwa majina ya wanyama na kuwataka wenzao wawafukuze. Laini za simu wakati huo zilinunuliwa dukani kama sigara, bila ya kuandikishwa, na mwenye kutuma hakuwa na jina. Katika fujo zile waliuawa watu zaidi ya 1,100. Siwezi kusema ujumbe ndio uliowaua, maana chanzo cha fujo kilikuwa kirefu, lakini maneno yale yaliupepea moto, na hakuna aliyejitokeza kuyadai kuwa ni yake.

Yaliyowapata Waislamu wa Rohingya huko Myanmar ni makubwa zaidi. Kuanzia Agosti 2017 zaidi ya watu 700,000 walikimbilia Bangladesh wakiacha vijiji vikiungua. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo Facebook ya nchi ile ilikuwa imejaa kurasa za nyimbo, za urembo na za watu mashuhuri, ambazo ndani yake palichomekwa uwongo na matusi juu ya Waislamu. Mwezi wa Oktoba 2018 gazeti la New York Times lilieleza kuwa nyuma ya nyingi ya kurasa hizo walikuwa wanajeshi, waliojifanya raia wa kawaida na wapenzi wa muziki. Facebook yenyewe ilizifuta nyingi, na ikakiri kuwa haikufanya ya kutosha. Hapa pana jambo la kuzingatia sana. Aliyejificha safari hii hakuwa mnyonge. Alikuwa mwenye bunduki, na pazia alilitumia ili chuki yake ionekane kama rai ya watu wote.

Nikirudi kwetu, nilishuhudia katika mtaa mmoja wa Kisiwani jinsi namba ya simu isiyojulikana ilivyotuma maneno katika kundi la WhatsApp la wazazi, kwamba mwalimu wa madrasa amekula fedha za mchango wa kuezeka paa. Siku ya pili baadhi ya wazazi walikwisha watoa watoto wao. Siku ya nne wazee walilifungua daftari, wakahesabu mabati na stakabadhi, wakaona hapana hata shilingi iliyopungua. Wakaandika hivyo katika kundi lile lile. Lile neno la kwanza lilikuwa limekwenda hadi makundi ya mitaa mingine. Hili la pili halikuvuka barabara. Mwalimu akaendelea kusomesha, lakini kila apitapo kuna anayemnong'oneza mwenzake. Na ukimuuliza mnong'onaji kwa nini bado ana shaka, atakujibu kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja.

Methali hiyo ilitungwa wakati ambapo wasemaji walijulikana na walikuwa wengi. Ikiwa watu kumi wa mtaa, kila mmoja kwa macho yake, wamelisema jambo, huenda kweli lipo. Leo mtu mmoja ana simu mbili na majina kumi, nasi tunamhesabu kuwa ni watu kumi.

Pia kuna tuhuma nzito kuliko ya fedha za paa. Mashirika ya kutetea haki yaliyoko Mombasa, kama vile Haki Africa na MUHURI, yameandika kwa miaka mingi habari za watu wa pwani waliochukuliwa wakishukiwa ugaidi na ambao jamaa zao hawakuwaona tena. Katika hali kama hiyo, mwenye kinyongo cha kiwanja au cha mke akimwandika mwenzake, kwa jina la kubuni, kuwa ni mfuasi wa magaidi, hakumtukana tu. Amemwekea roho yake njiani.

DAWA ILIYOMDHURU MGONJWA

Kwa madhara hayo, ni rahisi kuelewa kwa nini watu hutaka kila pazia lipasuliwe. Lakini dawa hiyo imekwisha jaribiwa, na majibu yake yanajulikana.

Korea ya Kusini, kwa kuchoshwa na matusi yaliyowasibu watu wake, ilianza mwaka 2007 kuzilazimisha tovuti kubwa zimthibitishe kila mwandishi kwa jina lake halisi na namba ya kitambulisho. Matusi hayakwisha, kwa kuwa wako wengi wasioona haya kutukana kwa majina yao. Kilichotokea ni kwamba majina na namba za mamilioni ya watu vilikusanywa mahali pamoja, kama nafaka katika ghala lisilo na paka. Mwezi wa Julai 2011 wezi wa kompyuta waliiba habari za watu wapatao milioni 35 kutoka katika kampuni moja tu. Tarehe 23 Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliibatilisha sheria ile, ikiona kuwa imeudhuru uhuru wa kusema pasipo kuleta faida iliyokusudiwa.

Isitoshe, watu wengi hawajui kwamba pazia lenyewe ni jepesi mno. Kila simu na kila kompyuta iingiapo katika intaneti huacha namba yake, kama unyayo katika mchanga wa ufukweni. Hapa kwetu, tangu mwaka 2010, laini za simu zimekuwa zikiandikishwa kwa kitambulisho, na kwa laini hiyo hiyo mtu hutuma pesa, hupiga simu na huandika. "Mpenda Haki" hajulikani kwa jirani yake aliyemtukana, lakini kampuni yake ya simu yamjua, na mwenye nguvu za kuiamuru kampuni aweza kumjua pia. Kwa hivyo pazia la intaneti limekatwa kinyume: linamficha mtu kwa mnyonge mwenzake, halimfichi kwa mkubwa.

Ushahidi wa hayo uko karibu. Nchini Tanzania, Maxence Melo ni mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, baraza maarufu la mijadala ya Kiswahili ambamo watu wengi huandika kwa majina ya kubuni, na ambamo habari nyingi za ufisadi zilijulikana kwanza. Polisi walimtaka awape majina na anwani za baadhi ya waandishi hao. Akakataa. Mwezi wa Disemba 2016 alikamatwa na kufunguliwa kesi, na mwezi wa Aprili 2020 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimwona na hatia ya kuzuia uchunguzi wa polisi, ikamtaka alipe faini ya shilingi milioni 3 za Tanzania au afungwe mwaka mmoja. Huyu alifanya ile kazi ya mhariri wa zamani: aliujua mlango wa mwandishi wake na akakataa kuuonyesha kwa wenye rungu.

Hapa Kenya tuna msiba wa Juni 2025. Albert Ojwang, mwalimu na mwandishi wa mitandaoni, alikamatwa nyumbani kwao katika jimbo la Homa Bay kwa ajili ya maandishi juu ya ofisa mkubwa wa polisi. Akasafirishwa hadi Nairobi, na kabla ya kucha alikuwa maiti. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Wataalamu walioupima mwili walikuta majeraha ya kichwani, dalili za kukabwa shingo na alama za kipigo, mambo ambayo mtu hajifanyii mwenyewe. Askari wakawa miongoni mwa walioshtakiwa kwa mauaji hayo.

Kama Ojwang aliandika uwongo, palikuwa na mahakama. Sheria yetu ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 imeweka njia ya polisi kwenda kwa hakimu na kuomba amri ya kupewa habari za mtu. Hakimu huuliza: kosa ni lipi, ushahidi ni upi, na je, ni lazima? Nami sina ugomvi na njia hiyo. Mjane aliyetapeliwa, binti aliyetolewa picha zake, mwalimu aliyezuliwa wizi, wote wana haki ya kumjua adui yao kwa amri ya mahakama. Ninalolipinga ni pazia kupasuliwa usiku, bila ya hakimu, kwa kuwa aliyesemwa ni mkubwa. Mwenye kudai leo kuwa kila mtu afunuliwe, ajiulize kwanza ni nani atakayeshika taa.

MIZANI YA WAPOKEZI

Sasa nalirejea lile nililosema mwanzo, kwamba sehemu kubwa iko kwetu. Katika elimu zetu imo moja iliyotungwa mahususi kwa shida kama hii, nayo ni elimu ya hadithi. Wanavyuoni hawakutosheka kuyatazama maneno. Waliitazama na isnadi, yaani mlolongo wa waliopokezana. Na katika mlolongo akipatikana mpokezi mmoja asiyejulikana ni nani, waliita majhuli, riwaya yake huhesabiwa dhaifu. Angalia vizuri: hawakusema kuwa majhuli ni mwongo. Walisema kuwa neno lake halitoshi kujengea hukumu. Aweza kusikilizwa, aweza kutafutiwa wa kumuunga mkono, lakini peke yake hasimamishi jambo.

Lau tungaliichukua mizani hiyo, mengi yangalitulia. Hati za Munyakei hazikuhitaji jina lake, kwa maana malipo yalikuwa yameandikwa, na yeyote angeweza kuyahakiki. Picha ya Khaled Said ilijisemea yenyewe. Lakini yule aliyesema kuwa mwalimu amekula fedha hakuleta stakabadhi wala daftari. Alileta sauti tu, na sauti ile ilitutaka tumuamini mtu tusiyemjua. Hapo ndipo penye tofauti. Neno lililokuja na ushahidi unaoweza kupimwa laweza kuishi bila ya jina. Neno lisilo na ushahidi, tena halina jina, halina pa kusimama.

Na hata lingekuwa na pa kusimama, yapasa tuulize lamhusu nani. Fedha za umma, barabara isiyojengwa, hospitali isiyo na dawa, hayo ni ya watu wote, na mwenye kuyafichua pasi na kujitaja ana udhuru. Mambo ya chumbani kwa mtu, nasaba ya mtoto wake au sababu ya talaka yake si ya watu wote, hata yawe kweli. Katika Suratul Hujurat tumeamrishwa kuihakiki habari iletwayo na asiyeaminika tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, na katika sura hiyo hiyo tumekatazwa kupelelezana na kusengenyana. Amri hizo zinakwenda pamoja. Ya kwanza yamfunga anayepokea uzushi, ya pili yamfunga anayetaka kuchungulia kila nyumba kwa hoja ya kuutafuta uzushi.

Tena tukumbuke kisa cha uzushi aliosingiziwa Bibi Aisha, kilichotajwa katika Suratun Nur. Waliouzua walikuwa wachache. Lakini lawama iliwashukia na wale walioupokea kwa ndimi zao na kuusambaza, wakidhani ni jambo jepesi. Hata kampuni ya WhatsApp, isiyo na dini, ilifika huko kwa njia yake. Mwaka 2018, baada ya watu kadhaa kuuawa na makundi ya watu huko India kwa uvumi wa wizi wa watoto, kampuni ilianza kupunguza idadi ya makundi ambayo mtu aweza kuyapelekea ujumbe aliopelekewa, na mwaka 2019 ikaiweka kuwa 5 kwa dunia nzima. Haikuweza kumfuata kila mzushi, basi ikaufunga mkono wa mpokezi.

Mkono wetu hauna haja ya kufungwa na kampuni. Likifika neno kwako usiku huu, likimtaja mtu wa mtaa wako kwa ubaya, wala hujui limetoka wapi, una mambo matatu ya kufanya. Ukiona lina hati, lipeleke kwa anayeweza kuihakiki, awe ni kamati ya msikiti, mwandishi wa habari, wakili au tume. Ukiona halina hati, na linamgusa mtu katika heshima yake, lifute, na mwenye kukuuliza mwambie hujui, kwani kweli hujui. Na ukiona linamtia mtu hatarini, basi mjulishe yeye au jamaa zake kimyakimya wapate kujihadhari.

La nne, yaani kulituma kwa wengine ili "wajionee wenyewe", silo. Aliyeliandika alijificha, lakini jina lako wewe liko wazi juu ya ujumbe, na ndugu na jirani zako wataliamini kwa sababu ya jina hilo. Hapo neno lile lililokuja bila ya mwenyewe litakuwa limempata, na mwenyewe ni wewe.